Nywele Zipimwazo kwa Inchi

Nywele ziotazo kichwani mwa mtu hazina bei, wala hakuna azipimaye ila kwa jicho. Lakini nywele zikishavuka bahari na kutundikwa dukani Kariakoo, hupimwa kwa inchi, na kila inchi hudai fedha yake, hata mwanamke aingiaye kuulizia wigi hutajiwa kwanza bei ya inchi 10, kisha ya 18, kisha ya 24, na uchangamfu wa muuzaji huzidi kwa kadiri hesabu ipandavyo. Si ajabu basi kwamba wanunuzi walio wengi huchukua refu kabisa ambalo mkoba wao unalimudu, hata wale ambao shingo zao na mabega yao yangependezwa zaidi na fupi, kwa kuwa urefu umekwisha kuwa ushahidi wa uwezo, na ushahidi ukifichwa haumfai mwenyewe.

Mimi katika jambo hili nimo upande wa mkasi. Mwanamke aliyelivaa wigi lake refu hata likachakaa ncha, kisha siku ya mapumziko akaketi nyumbani mwake akalipunguza likamfika kidevuni, amefanya jambo la busara kuliko adhaniavyo shoga yake atakayemwambia kwamba ametupa fedha. Maana fedha ile ilikwisha kutupwa siku ya kununua, pale alipolipia inchi alizotaka watu wamwone nazo, na mkasi haukuongeza hasara yoyote juu ya hiyo, bali umemrudishia kitu kinachovalika.

Ieleweke kwamba mawigi mengi ya bei nafuu yatufikiayo si nywele za mtu, bali ni nyuzi za kiwandani, na mashuhuri miongoni mwazo ni zile za kanekaloni, ambazo kampuni ya Kaneka ya Japani ilianza kuzitengeneza mwaka 1957. Uzi huo una fadhila zake: ni mwepesi, na hushika mkunjo wake hata baada ya kufuliwa. Walakini haupokei mafuta ya ngozi ya kichwa, na popote unaposuguana na kola ya gauni, au kanga iliyotupwa mabegani, au mkanda wa mkoba, ncha zake hukakamaa, hujiviringa na kufungana mafundo yasiyofunguka kwa chanuo. Ukilichunguza wigi la namna hiyo baada ya miezi michache ya joto la Dar es Salaam, utaona kwamba sehemu ya juu ingali nzima na yenye mng'aro, na uharibifu karibu wote uko katika shubiri ile ya mwisho igusayo mwili. Kulitupa zima kwa ajili ya shubiri moja ni israfu. Kulikata juu ya mabega ni kuondoa kilichoharibika pamoja na sababu ya kuharibika kwake, kwa kuwa lisilofika begani halisuguliwi na bega.

Lakini mwenye kushika mkasi na ajue kwanza kilichomo ndani. Lipindue wigi la mashine, utaona kofia ya wavu, na juu yake nywele zimeshonwa kwa mistari, mstari juu ya mstari tangu kisogoni hadi utosini, kama ukili uzungushwavyo na kushonwa hata ukawa kikapu. Mtu azikusanyaye nywele hizo zote mkononi akazikata kwa mkato mmoja wa kulala hupata ukingo mnene uliokatika ghafla, ambao hata mtoto mdogo akiutazama atajua kwamba ni wigi. Njia iliyo salama ni ya polepole. Wigi hubanwa kwa pini juu ya kichwa cha povu, la nyuzi likachanwa likiwa kavu, nywele za juu zikainuliwa na kushikwa kwa vibanio, ikabaki safu ya kisogoni peke yake. Hiyo ndiyo ikatwayo kwanza, nayo huachwa ndefu kwa inchi moja kuliko kipimo kinachotakiwa, mkasi ukisimamishwa wima ili ncha zake ziingie baina ya nywele na kuzipunguza kidogo kidogo. Kisha hushushwa safu ifuatayo, ikafuata kipimo cha ile ya kwanza, hivyo hivyo hadi utosini. Kisogoni mtu asipande mno, kwa maana nywele zikifupishwa kupita kiasi pale mishono huchungulia. Ama sehemu ya mbele, mimi sikiamini kichwa cha povu, kwa sababu hakina paji langu la uso wala mashavu yangu. Mbele hukatwa wigi likiwa limevaliwa, kioo usoni, na mtu mwingine akiwa kando kuangalia kama pande mbili zimelingana. Lenye mawimbi likatwe kavu daima, liwe la uzi au la nywele za mtu, kwani wimbi lililolowa hurefuka, na likikauka hupanda juu ya pale ulipolikusudia. Na mkasi uwe wa nywele. Ule wa jikoni, uliokwisha kufungulia pakiti za maziwa, huzisukuma nywele badala ya kuzikata.

Kulipa wigi umbo baada ya kulikata ni kazi nyingine, na humo ndimo wengi wanamotiwa hasarani na pasi ya nywele. Nywele za mtu huivumilia, ilimradi moto uwe wa kiasi. Uzi wa kiwandani, isipokuwa ule uliotengenezwa mahsusi kustahimili joto na kuandikiwa kipimo chake, huyeyuka na kugandamana, na hakuna dawa ya kilichoyeyuka. Kwa uzi wa kawaida wasusi wetu wana hila ya siku nyingi, ile ile waitumiayo kwa ncha za rasta: nywele huviringwa juu ya vijiti vya plastiki, zikamiminiwa maji ya moto, zikaachwa mpaka zipoe na kukauka kabisa kabla ya kufunguliwa. Mwenye tashwishi na ajaribu kwanza unywele mmoja wa ndani, upande wa kisogo.

Kinyozi aliyekosea husamehewa na majuma machache, nywele zikaota zikamsitiri. Mkata wigi hana majuma hayo, na kwa sababu hiyo mkono wake hujifunza kiasi mapema kuliko mkono wa kinyozi.

Kinachonistaajabisha ni jinsi kitu hiki kilivyoshughulisha wakubwa. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kampeni iliyoitwa Operesheni Vijana, na tangu kuingia mwaka 1969 wigi likahesabiwa Dar es Salaam, pamoja na sketi fupi na dawa za kujichubua, kuwa ni kinyume cha utamaduni wa taifa. Miaka 50 baadaye, Juni 2019, Waziri wa Fedha, Dakta Philip Mpango, hakulikataza bali alilitoza: ushuru wa asilimia 10 kwa lililotengenezwa nchini, na asilimia 25 kwa lililoagizwa kutoka nje. Huku pwani neno la dini limetangulia yote hayo, kwani kuunga nywele kwa nywele za mtu mwingine kumekatazwa, na wanazuoni wakahitilafiana tu katika nyuzi za sufu na hariri na mfano wake; nami sina elimu ya kuingia baina yao. Ila nimeona kwamba majaji wa Kiingereza na mawakili wao katika kesi za jinai huvaa wigi la singa za farasi, ambalo Humphrey Ravenscroft wa London alilisajili mwaka 1822 kwa sifa kwamba halihitaji kukunjwa upya wala kupakwa poda, na sijasikia mtu akisema kwamba hao wanadanganya umma.

Wenye kulishutumu wigi la mwanamke husema kwamba ni hadaa. Ningependa kuwajibu kwamba lililopunguzwa ni nyenyekevu zaidi, lakini hapa hoja yangu mwenyewe inanigeukia, maana lile la inchi 30 lifikalo kiunoni halimhadai mtu yeyote, ilhali fupi lililokatwa kwa ustadi ndilo liaminiwalo. Nimeufikiria ugumu huu nisiweze kuutatua, ila kwa kusema kwamba aliye na fupi kwa kawaida hakulikata ili aaminiwe. Amelikata kwa sababu ya jasho, na ya mafundo, na ya kuchoka kuzivuta nywele zake kutoka chini ya mkanda wa mkoba kila apandapo daladala.

Na wako wenye sababu nyingine. Dada mmoja katika ukoo wetu alipokuwa akitibiwa kwa dawa zile ziondoazo nywele, wenzake kazini walimpa hiba ya wigi zuri, la kupita mabega, naye akalivaa kwa shukrani. Matibabu yalipokaribia kwisha akaniletea nyumbani akitaka likatwe fupi sana, karibu na masikio. Nilimwambia, "Dada, si ungelipeleka saluni, kuna mafundi kunishinda." Akanijibu, "Mdogo wangu, saluni nitalivua mbele ya nani? Halafu nywele zangu zitarudi zikiwa fupi. Nataka watu wanizoee hivyo tangu sasa, siku nikilivua nisiulizwe mara ya pili." Nikaelewa kwamba katika mazungumzo yote ya ushuru, utamaduni na haiba, sikuwa nimelipa uzito neno hili la nyumbani: kwamba iko kazi ambayo haihitaji fundi bora, inahitaji mlango unaofungika, na mtu ambaye mbele yake kichwa kitupu hakiombi radhi. Alilivua, akaliweka juu ya meza, akazungumza habari za bei ya mchele muda wote nilipokuwa nikikata, akisita tu kila mara kuniambia, "Bado. Punguza tena."

Bibi alikuwa barazani. Alipoingia akakuta sakafu imejaa vipande vyeusi, akatukemea, kwa kuwa kwake yeye nywele haziachwi zikakanyagwa, huzikwa au huchomwa, asije mtu mwenye nia mbaya akaziokota.

"Shikamoo Bibi," nikamwambia. "Hizi hazichomeki, zitayeyuka na kutujazia nyumba harufu ya plastiki. Tena si za mtu yeyote, ni za kiwandani."

"Marahaba. Basi zitieni mfukoni mzitoe," akasema, akichukua ufagio. "Hicho kiwanda kikija kuzitafuta, kisizikute mlangoni pangu."