Nani Ampime Mpimaji?

Amplifaya ikiletwa mezani, mimi huipitishia wimbi kutoka kwenye osileta na kutazama matokeo kwenye osiloskopu. Wimbi likitoka limekatwa vichwa, hukumu ni nyepesi: amplifaya ni mbovu, mwenyewe alipe. Lakini je, shahidi amehojiwa?

Huichomoa amplifaya, nikaunganisha osileta moja kwa moja na osiloskopu. Vichwa vikiwa bado vimekatwa, mshtakiwa huenda hana hatia. Katika osileta aliyoieleza William Hewlett mwaka 1939, balbu ndogo hulidhibiti wimbi: likikua, balbu hupata joto, ukinzani wake huongezeka, na ukuzaji hurudi kwenye mara 3. Udhibiti huo ukishindwa, wimbi huvimba hadi kugonga ukomo wa umeme wa saketi.

Na osiloskopu je, nani anaithibitisha? Chombo kingine, nacho kina yake. Mlolongo hauishi. Kwa hiyo sidai uhakika kamili kabla ya kuhukumu. Nadai shahidi wa pili, asiyeshiriki kasoro za wa kwanza. Mzazi, mwalimu na hakimu nao wanadaiwa hivyo hivyo, maana kasoro ya mpimaji huonekana usoni mwa anayepimwa.