Ukingo wa Mtelezo



Mwezi huu twawaomba msome kitabu cha nabii Zekaria, sura ya 8, aya ya 4 na ya 5. Watu walikuwa wamerudi Yerusalemu kutoka uhamishoni Babeli, wakaukuta mji umevunjika. Nabii akawapa ishara ya kuwajulisha kwamba Mungu amekuja tena kukaa kati yao. Hakutaja jeshi wala hazina. Alitaja wazee walioketi nje na mikongojo yao, na watoto wanaocheza njiani mpaka njia zikajaa. Kwa desturi yetu ya Unguja tungesema: wazee barazani, watoto uchochoroni.

Sisi wawili, mtu na mkewe, tumeisikia aya hiyo miaka mingi bila kuitia moyoni. Likizo ya Disemba iliyopita ndiyo iliyotufunza.

Wajukuu wetu watano walikuja kukaa nasi Mbweni. Kila siku walitaka kwenda Forodhani, wakajirushe baharini pamoja na vijana wanaoruka kutoka ukutani maji yajaapo. Wakubwa wanajua kuogelea, wadogo hawajui, na hakuna aliyekubali kubaki nyumbani. Basi Babu akasema, "Bahari hatuwezi kuileta uani, lakini mtelezo twaweza."

Ua wetu umeinama kidogo upande wa migomba. Tuliokota mawe yote, hata madogo, maana jiwe la matumbawe hukata kama kisu. Tukatandika makumbi ya nazi, juu yake mchanga, na juu ya mchanga karatasi nene ya nailoni, urefu wa hatua kumi na mbili. Pembeni kote tukapanga magunia ya mchanga, mtoto asije akatoka njiani akaumia. Bibi akapaka sabuni ya mche, kidogo tu, isiingie machoni. Kisha tukavuta mpira wa maji kutoka kwenye tangi letu, maji yakateremka, na wajukuu wakateremka nayo. Vicheko vilisikika hadi barabarani. Siku ya pili Babu naye alijaribu, na habari hiyo hatutaiendeleza.

Jumapili tulikwenda Misa Kanisa Kuu, Mkunazini. Tulipowatazama wajukuu wamekaa katika benchi, tukamkumbuka Zekaria. Pale palikuwa soko la watumwa mpaka mwaka 1873, Sayyid Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la Kanisa. Watoto wa umri wa wajukuu wetu waliuzwa mahali pale. Askofu Tozer alipofika Unguja mwaka 1864, alipewa na Sultani wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, na hao wakawa mwanzo wa skuli ya Misheni. Baadaye wengi zaidi walipokewa Kiungani, na hapa kwetu Mbweni, katika shamba ambalo Misheni ililinunua mwaka 1871. Watoto wale walipata chakula, mafundisho na Ubatizo. Lakini ni nani kati yao aliyekuwa na babu wa kumtandikia makumbi asiumie mgongo? Utumwa ulimtenga mtoto na wazee wake. Babu akabaki bara hajui mjukuu yuko wapi.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mzee na mtoto kucheka pamoja uani si upuuzi. Ni ile ishara ya nabii. Tulirudi nyumbani tumefurahi, tukajihesabu kuwa watu waliolielewa Neno.

Kesho yake Mungu akatuonyesha kwamba tulikuwa tumelielewa nusu tu.

Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa, na mifereji ya jirani ilikuwa mikavu tangu Alhamisi. Sisi tulikuwa na tangi, tukasahau. Asubuhi ile tulisikia hodi. Alikuwa binti wa jirani, rika la mjukuu wetu wa pili, ameshika dumu tupu.

"Shikamoo Babu. Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, njoo ucheze."

"Ahsante. Bibi kanituma. Anasema, yale maji yanayomwagika kule chini, kama hamna haja nayo, atayafulia. Sabuni imo tayari."

Hakusema kwa ubaya. Bibi yake ni rafiki yetu wa siku nyingi. Iddi hutuletea sahani, nasi Krismasi huipeleka sahani ile ile imejaa. Laiti angetukasirikia, ingalikuwa nafuu. Tulifunga maji bila kusema neno.

Torati, katika Kumbukumbu 22:8, yamwagiza mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukingo darini, ili asiwe na hatia ya damu mtu akianguka. Angalieni kwamba Mungu hakukataza dari. Hakusema watu wasipande juu kupunga upepo. Alisema, jenga, lakini jenga na ukingo. Sisi tulikuwa tumeweka ukingo wa magunia pande zote mbili, tukalinda watoto wetu wasianguke nje. Ukingo mmoja tuliusahau: ule wa kuizuia furaha yetu isimwangukie jirani. Maji yaliyoteleza chini ya wajukuu wetu yalikuwa chakula kisichopikwa katika nyumba ya pili.

Sayyid Barghash yule yule aliyetia sahihi kufungwa kwa soko ndiye aliyeleta maji ya mabomba mjini kutoka chemchemi za nje ya mji. Watu wa kisiwa hiki wamejua tangu zamani kwamba maji hayaanzi nyumbani kwa mtu. Yatoka mbali, hupita kwa wengi, na anayeyapata kwanza ameyashika kwa niaba ya anayefuata.

Basi tulifanya hivi. Siku ile wajukuu wenyewe walibeba madumu ya maji safi ya tangi mpaka kwa jirani, wala si yale ya chini. Mtelezo tukauacha mkavu. Mdogo wao alilia, tukamwacha alie, kisha tukamweleza. Tulikubaliana kwamba hautatiwa maji mpaka Mungu ayatie mwenyewe. Tukageuza mlizamu wa paa uelekee kichwani pa mtelezo, na chini tukachimba mfereji wa kupeleka maji kwenye migomba, yasituame. Mtoto mchanga aweza kufa katika maji yasiyofika goti, na hilo kila mwenye wajukuu alikumbuke. Tukaweka na sheria: mmoja mmoja, kwa kukaa, miguu mbele, na mtu mzima asimame chini muda wote.

Siku mbili kabla ya Krismasi mvua ilishuka. Tulimtuma mjukuu wa pili akabishe hodi kwa jirani. Binti yule akaja mbio na ndugu zake wawili, na bibi yake nyuma yao chini ya mwavuli. Yeye ndiye aliyeteleza wa kwanza. Bibi zake wawili, wake na wa wajukuu wetu, walikaa barazani wakipiga kelele za kuwaonya watoto ambazo hakuna mtoto aliyezisikia. Babu alisimama chini kwenye matope na mkongojo wake.

Ndugu wapenzi, wengi wenu mna wajukuu, na likizo zaja. Msiogope kuwajengea furaha. Wako wanaodhani kumcha Mungu ni kuwanyamazisha watoto. Nabii hakudhani hivyo. Lakini kila mjengapo, ulizeni maswali mawili: Ukingo wa mtoto wangu uko wapi? Na ukingo wa jirani yangu uko wapi? Ikosapo wa kwanza, twamwumiza tumpendaye. Ikosapo wa pili, twamfundisha tumpendaye kwamba kiu ya mwenziwe si kitu, na somo hilo halitoki upesi kama tope.

Mungu aliyefanya soko la vilio kuwa nyumba ya sala azijaze njia zetu watoto wachezao, atupe sisi wazee macho ya kuwaona wote, walio ndani ya ua na walio nje wakishika madumu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.