Dada Yao Kina Awori

Huku Namboboto, na Samia yote kwa jumla, ukitaja jina la Awori mazungumzo hukimbilia siasa. Utasimuliwa habari za Moody, mbunge wa Funyula tangu 1983 hadi 2007 na Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003. Utasimuliwa pia za Aggrey, aliyekuwa mbunge ng'ambo ya mpaka, akagombea urais wa Uganda mwaka 2001 na baadaye akawa waziri huko. Wanastahili kukumbukwa. Lakini mimi nikiulizwa ni mtoto yupi wa Kasisi Jeremiah Awori aliyewafaa mama zetu kwa karibu zaidi, namtaja dada yao, Mary Okelo.

Mary alikuwa mtu wa benki. Mwaka 1977 Barclays, benki ya Waingereza iliyokuwa imejichimbia humu nchini tangu ukoloni, ilimpa umeneja wa tawi. Hakuna mwanamke Mkenya aliyekuwa ameshika cheo hicho katika benki hiyo kabla yake. Angeweza kutulia, ale mshahara wake kwa heshima. Ila anayekalia kiti cha meneja huona ni nani anakaribishwa na ni nani anarudishwa mlangoni. Mwanamke akitaka mkopo aliulizwa dhamana. Dhamana ni hati ya shamba, na hati ilikuwa kwa jina la mume au baba mkwe. Hata kama kibanda chake sokoni ndicho kilicholipa karo ya watoto, kwa benki kibanda hicho hakikuwa kitu.

Mwaka 1981 yeye na wanawake wenzake wenye taaluma wakaanzisha Kenya Women Finance Trust, wawakopeshe wanawake kama wafanyabiashara kamili. Baadaye ujuzi wake aliupeleka Women's World Banking na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Taasisi waliyoiasisi iliyumba, ikakaribia kufa, hadi Jennifer Riria aliposhika usukani wake mwaka 1991 na kuielekeza kwenye vikundi vya vijijini.

Nenda ukaone mkopo wa kikundi unavyolipwa. Akina mama wamekaa chini ya mwembe, kila mmoja na kitabu chake. Noti za mia na mia mbili, nyingine zinanuka omena, zinahesabiwa mbele ya wote. Mmoja akipungukiwa, wenzake wanamchangia kabla mkutano haujafungwa, halafu wanamdai wenyewe. Kesho yake utamkuta mama huyo Sio Port akinunua omena kwa gunia, aje aipime kwa gorogoro sokoni Funyula au Busia mpakani. Huo kwangu ni utumishi wa umma sawa na ule wa bungeni, maana mama huyu hakuhitaji kumlilia mheshimiwa ndipo apate mtaji.

Sisemi mkopo ni baraka tupu. Nimemwona jirani akibebewa viti na wanakikundi wenzake, watu aliosali nao Jumapili, kwa sababu mtoto aliugua na pesa ya marejesho ikaishia hospitalini. Iliniuma. Anayekopesha maskini anapaswa kumweleza riba kwa lugha anayoielewa, na kumpa nafasi ya kupumua anapofikwa na ugonjwa au msiba. Asipofanya hivyo, anamvunja yule yule aliyedai kumwinua.

Na mikopo ya vikundi ina kimo chake. Inatosha gunia la omena au marobota machache ya mitumba. Haijengi ghala wala hainunui lori. Kwa fedha za ghala au lori, benki bado zinauliza hati. Katiba ya 2010 imempa mwanamke haki sawa ya ardhi, na Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inaitambua hata kazi yake ya nyumbani kuwa mchango katika mali. Hata hivyo hatimiliki nyingi za huku zingali na jina la mwanamume peke yake. Wanasheria wetu, machifu wetu na sisi wanaume wenye mashamba, kazi iliyobaki ni yetu.