Kilichotolewa Bure Kipimwe Vipi?

Mtu akikupa kitu bure, je, una haki ya kutaja kasoro zake? Jibu hutegemea ni kitu gani ulichopewa. Ukikaribishwa chakula, huli huku ukipima chumvi. Lakini sisi wa Akheri, kama watu wengine wa mlima Meru, tumelelewa pia na mfereji. Watu hutoka alfajiri na majembe wakachimba pasipo ujira, na kazi ikiisha hakuna anayethubutu kusema kwamba kwa kuwa jasho lile halikulipwa, basi mfereji usikaguliwe. Mzee hufungulia maji kutoka juu, akafuatana nayo pole pole mpaka kwenye mgomba wa mwisho. Maji yakimwagika kwenye kona, kona huchimbwa upya siku ile ile, wala mchimbaji haoni kuwa ametukanwa.

Nimelazimika kulitazama swali hili tena kwa ajili ya jambo ambalo wazee wenzangu wataliona la kitoto, yaani mchezo wa kompyuta. Kijana mmoja wa jirani aliniletea mashine yake, akaniomba nimfanyie tathmini ya kampeni aliyoitunga. Neno hilo lisikutishe, msomaji. Halina uhusiano na uchaguzi. Katika michezo hiyo kampeni ni mfululizo wa mapigano yanayofuatana kwa kisa kimoja, kama sura za hadithi.

Mchezo wenyewe unaitwa Warcraft III. Ulitolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani mwaka 2002, na nyongeza yake ikafuata mwaka 2003. Ni vita vya ngano: kuna wanadamu, kuna majitu ya kijani, kuna wafu waliofufuliwa kwa uchawi. Unachimba dhahabu, unakata miti, unajenga kambi, unaandaa askari. Tofauti yake na bao au drafti ni kwamba hakuna zamu. Wakati wewe unafikiri, adui naye anajenga. Jambo moja lilinifurahisha. Jeshi lako likizidi chakula cha kipimo cha 50, dhahabu inayoingia hukatwa; likizidi 80, hukatwa zaidi. Yaelekea watunzi walijua kwamba jeshi hula kwanza nyumba ya mwenye jeshi.

Kampuni iliuza mchezo huo pamoja na karakana yake, ili mnunuzi aweze kutunga ya kwake. Humo unachora milima na mito, unaweka watu, kisha unaandika amri. Kila amri ina sehemu tatu: tukio, sharti na tendo. Mgeni akiingia kijijini, ikiwa ni usiku, mbwa wabweke. Nilipoelezwa hivyo nilikumbuka andalio la somo, ambalo kwa miaka mingi nilikuwa nikiwasisitizia wanachuo: nini kitatokea darasani, kwa hali gani, na wewe mwalimu utafanya nini.

Wapenzi wa mchezo waliitumia karakana hiyo kwa bidii ya ajabu. Mmojawapo wa michezo waliyoitunga humo, Defense of the Ancients, ulianza mwaka 2003, ukapendwa dunia nzima, na baadaye kampuni nyingine, Valve, ikatoa Dota 2, ambao mashindano yake yamekuwa na zawadi za mamilioni ya dola. Nadhani Blizzard hawakulisahau hilo. Walipoutoa mchezo wao upya mwaka 2020, waliweka masharti kwamba chochote ambacho mchezaji atakitunga humo ni mali ya kampuni. Kwa hiyo kijana wetu, hata angetaka, hawezi kuuza kazi yake. Usiku wake mwingi ameutoa sadaka.

Hapo ndipo mwalimu mwenzangu mstaafu aliponiambia, "Msifu tu, Mwalimu. Hajalipwa na mtu. Ukimkosoa, kesho hatashika tena kalamu." Hoja hii si ya kupuuzwa. Nimewaona vijana wakitoka kwenye mazoezi ya kufundisha wakiwa wamevunjika moyo kwa wino mwekundu wa mkaguzi mmoja, na wengine hawakuwa walimu wazuri tena. Lakini anayetoa bure naye hupokea kitu. Hupokea saa za watu, na saa hazirudishwi. Zaidi ya hapo, mtunzi wa mchezo ana mamlaka ambayo mtunzi wa hadithi hana: anakuamuru. Msomaji wa hadithi hutazama mtu akichoma nyumba. Mchezaji huambiwa, choma wewe, la sivyo hatua inayofuata haifunguki. Mwenye kuamuru watu, awe analipwa au halipwi, hapana budi aulizwe ameamuru nini.

Sasa niieleze kazi yenyewe. Ina hatua saba. Milima ameichora vizuri mno. Mito inashuka kwa mikunjo kama inavyoshuka kweli huku kwetu, na ukungu hukaa bondeni asubuhi. Mazungumzo yote ni ya Kiswahili, nami nikajikuta nikicheka pale jitu la kijani lilipoamkia "Shikamoo". Hatua ya tano ni ngumu kupita kiasi, kwani adui hufika kabla ukuta haujasimama; mjukuu wangu aliyekuwa akinichezea alishindwa mara nne. Hayo ni ya kurekebishwa tu.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonizuia usingizi. Mfalme wa mbali anataka mbuga za kaskazini mwa mlima kwa ajili ya farasi wake. Wewe ni jemadari wake, umeagizwa uviondoe vijiji kumi na viwili kabla jua halijachomoza. Mtu wa Meru hahitaji kuambiwa hiyo ni hadithi gani. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu wafuge. Nyumba zikachomwa, watu wakaelekezwa Kingori, kwenye ukame. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York kulieleza jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Mimi nilisimuliwa na wazazi, na kijana huyu amesimuliwa na bibi yake.

Simlaumu kwa kumweka mchezaji upande wa wachomaji. Huenda ndilo jambo la kijasiri kuliko yote aliyoyafanya. Kasoro yangu ni nyingine. Nyumba zile zinaungua, wala hatoki mtu. Hakuna mama, hakuna ndama, hakuna chungu. Paa linaanguka, hesabu inapanda kutoka moja hadi kumi na mbili, kisha kengele ya ushindi inalia. Nilipomwuliza, alijibu, "Babu, ni mchezo tu. Halafu nimeutoa bure."

Nikamwomba anionyeshe katika kampeni ya kampuni yenyewe mahali palipofanana na hapo. Alijua mara moja. Ni mji wa Stratholme, ambako watu wamekula nafaka yenye uchawi na karibu watageuka kuwa wafu watembeao. Mwana wa mfalme, Arthas, anaamua wauawe wote kabla hawajageuka. Uther, aliyemlea katika uaskari, anakataa na kuondoka. Jaina naye anaondoka. Mchezaji hana njia ya kuondoka nao. Lakini watu wale wapo, wanaonekana barabarani, na hadithi yote iliyobaki ni kuanguka kwa Arthas. Waliouza kwa fedha hawakuwaficha wale watu. Aliyetoa bure amewaficha, naye ndiye mwenye bibi aliyetoka katika nyumba za namna hiyo.

Nilimwandikia ukurasa mmoja na nusu. Aliusoma mbele yangu, akanyamaza, kisha akauliza kama aweke kitufe cha kumwezesha jemadari kukataa. Nikamwambia asikimbilie huko. Kukataa kwa kubonyeza kitufe, pasipo kupoteza cheo wala mshahara, kungekuwa uongo mbaya kuliko nyumba tupu. Aanze na watu.

Baada ya wiki mbili amerudi. Sasa kila nyumba hutoa mtu kabla ya paa kuanguka: mwenye mbuzi, mwenye mtoto, mwenye jiwe la kusagia. Wanaelekea mashariki kwa mstari, na ukiwa na subira unaweza kuwafuata mpaka ukingo wa ramani. Katika nyumba ya tisa kuna bibi anayetoka, halafu anarudi ndani kuchukua kitu. Ukimngoja, jua linachomoza na hatua umeshindwa. Kijana ananiuliza kama saa isimame mpaka bibi atoke, au iendelee kwenda. Nimemwambia anipe siku chache.