Jasho la Akili

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Hakuna anayebisha kwamba aliyelima ana haki ya mavuno. Lakini swali huwa gumu mavuno hayo yanapokuwa wimbo, hadithi au mchoro. Mahindi yakichukuliwa, ghala hubaki tupu. Wimbo ukichukuliwa, mtunzi hubaki nao kinywani. Ikiwa hakupungukiwa na kitu, anadai malipo kwa haki gani?

Na tutazame yaliyompata Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, yeye na wenzake walirekodi wimbo uitwao "Mbube", yaani simba. Haki za wimbo huo ziliishia mikononi mwa kampuni ya santuri kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari. Huko Marekani ukaimbwa kwa jina la "Wimoweh", na mwaka 1961 ukatiwa maneno ya Kiingereza, ukavuma duniani kote. Mwaka 1994 ulisikika katika filamu ya The Lion King. Linda mwenyewe alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Mabinti zake walifikia makubaliano ya kulipwa mwaka 2006 tu, baada ya mawakili kutegemea sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa.

Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili. Mwenye mnazi aweza kuuza mti wenyewe. Aweza pia kumruhusu mgema augeme kwa malipo, na mti ukabaki wake. Ruhusa ya kutumia kazi ya sanaa ni ya namna hii ya pili. Linda alitoa mti kwa bei ya dafu.

Wapo watakaosema kwamba kudai malipo kwa wimbo ni ubepari, na kwamba nyimbo za Kiafrika zilikuwa mali ya wote. Hoja hii ina uzito, kwani hakuna mtunzi aliyejifunza lugha peke yake. Hata hivyo, desturi zetu hazikumwacha msanii mikono mitupu. Mwimbaji alipowagusa watu, walimtuza papo hapo, na jina lake likatajwa. Kilichobadilika ni kwamba santuri, redio na simu humwezesha mtu kuimba mahali asipokuwapo. Wasikilizaji wapo, furaha ipo, lakini mkono wa kumtuza haumfikii. Malipo ya ruhusa, basi, si desturi ngeni. Ni tuzo ile ile iliyotafutiwa njia ya kusafiri.

Lakini haki hiyo ina mpaka. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, aliwafundisha jamaa zake namna yake ya kuchora, na hata leo wachoraji wengi hupata riziki kwayo. Angaliifungia namna hiyo, sanaa hiyo ingalikufa pamoja naye. Mtindo ni kisima cha wote. Mchoro mmoja uliokamilika ni mtungi wa aliyeuteka. Vivyo hivyo, anayechukua ngoma ya kijiji na kuiandikisha kwa jina lake peke yake ni mwizi sawa na yule anayemnyang'anya mtunzi kazi yake.

Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999. Lakini sheria peke yake haitoshi. Mwanafunzi anayenakili tamthilia nzima, na mwalimu anayemruhusu, hawamwoni mwandishi akiumia. Ndiyo maana dhamiri zao hazisituki. Umbali umewaficha uso wake. Utu wataka tumheshimu hata yule tusiyemwona: tuulize kazi ni ya nani, tuombe ruhusa, tumpe chake. Na aliyepewa chake naye akumbuke kisima alikotekea, asikitie kufuli.