Moyo Ni Amana

Ndugu zangu katika imani, wanaume kwa wanawake, nakuusieni na kuiusia nafsi yangu taqwa ya Mola wetu, aliyetukabidhi viwiliwili hivi kwa muda maalumu, na ambaye kesho Kiyama atatuuliza tuliviweka vipi.

Jihadharini na maradhi yasiyopiga hodi. Mja hutoka msikitini akapeana mikono na jirani zake, siha tele usoni, kumbe kwa miaka damu imekuwa ikipita kwa shinikizo kubwa mishipani, ikiudhuru moyo, figo na ubongo, wala kichwa hakijamuuma. Siku ya kudhihiri, mdomo umepinda, mkono umekufa ganzi, ulimi umekuwa mzito hata kwa shahada. Basi usiungoje uchungu ndipo ukapime presha.

Na maradhi haya tunayakaribisha wenyewe. Tazameni sinia ya pilau ikishatengwa: mkono umekwishaifikia chumvi kabla tonge halijaonjwa! Shirika la Afya Duniani linausia chumvi isifike gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na iliyomo kwenye mkate, achari na ng'onda. Na Mtume wetu alikwisha kutufunza kuliachia tumbo theluthi ya pumzi; sisi tunalijaza, kisha tunashushia soda, na hatua chache za kwendea sala tunazipandia bodaboda, ilhali dakika 150 za kutembea kwa haraka katika wiki nzima ni hifadhi ya moyo, na hatua za msikitini zina thawabu juu yake.

Nawe mvuta sigara, uliyeiacha kutwa nzima mwezi mzima wa Ramadhani, udhuru wako ni upi katika Shawwal? Moshi huo anauvuta na mkeo, anauvuta na mtoto asiye na dhambi. Nawe uliyeandikiwa dawa za presha ukazitupa kwa kujiona mzima, uzima ule uliletwa na dawa zile. Usiziache bila kauli ya tabibu.

Ajali i mikononi mwa Mola, haisogei mbele wala nyuma, lakini kutawakali hakumwondolei mja wajibu wa kumfunga ngamia wake. Anayepooza kwa ghafla haanguki peke yake: yuko mke atakayemgeuza kitandani usiku, wako watoto watakaokosa ada, na wote hao wana haki juu yake. Kuipuuza amana ni kuwadhulumu wanaoitegemea.

Basi wiki hii, kila mmoja wetu akapimwe presha na sukari, na amchukue pamoja naye mzazi, au mjane wa jirani asiye na wa kumpeleka. Mola atujaalie afya tutakayoitumia katika utiifu kwake.