Wimbo na Kidonda cha Moyo



Mtu akipatwa na msiba mkubwa, majirani humwambia: «Nyamaza, sahau.» Wadhani wamemfariji. Je, kunyamaza huponya? Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kidonda cha mwili kikifunikwa kabla ya kuoshwa, huoza ndani. Kidonda cha moyo ni vivyo hivyo. Lakini yako mambo ambayo mdomo hauwezi kuyasema. Hapo ndipo wimbo unapokuja kutusaidia.

Tazameni kwanza jambo dogo. Shuleni twamwona mtoto mwenye kigugumizi. Ukimwuliza swali, neno humkwama kooni, na wenzake humcheka. Lakini akiimba pamoja nao, mara nyingi maneno yake hutoka bila kizuizi. Kwa sababu gani? Sauti ya wimbo humbeba, mapigo yake humwongoza, wala hatafuti neno peke yake. Tena, mwenye kuimba huvuta pumzi kwa kipimo; pumzi ikitulia, moyo nao hupunguza mbio zake.

Basi, yatosha kusikiliza wimbo wa wengine? Someni habari za mfalme Sauli katika Kitabu cha kwanza cha Samweli. Roho yake iliposumbuka, Daudi alimpigia kinubi, naye akapata nafuu. Lakini mbele kidogo twasoma kwamba Daudi alikuwa akipiga kinubi kama siku zote, naye Sauli akamtupia mkuki. Kinubi ni kilekile, na mikono ni ileile. Ila sasa wivu ulikuwa umeingia moyoni mwa mfalme. Naona hivi: muziki ulimpoza Sauli, lakini haukumponya, kwa maana yeye alisikiliza tu, na neno lililomwuma halikuingia katika wimbo.

Sasa tulinganishe na jambo la nchi yetu. Katika Kivu, vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwaumiza wanawake wengi kwa jeuri ya aibu. Mwaka 1999 daktari Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi, mjini Bukavu, na kwa kazi ya kuwatunza wanawake hao alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018. Mwili ulishonwa ukapona. Lakini moyo je? Mwaka 2015 ilianza huko kazi ya kuponya kwa nyimbo. Wanawake walikusanyika pamoja na mshauri wa mambo ya nafsi na fundi wa muziki. Wao wenyewe walitunga maneno juu ya mambo yaliyowapata, wakayaimba, na sauti zao zikanaswa kwa mashine ili watu wengine wazisikie.

Mwaona tofauti? Sauli alipigiwa; wanawake hawa waliimba. Aliyekuwa mtu wa kuhurumiwa tu, sasa ndiye mtungaji, na watu wanamsikiliza. Wimbo haukuyafuta yaliyopita. Lakini jambo lililokuwa limemshika, sasa yeye amelishika.

Mtu ataniuliza: «Je, kila wimbo huponya?» La. Wimbo waweza kulisha chuki na kisasi, kama vile moto huivisha chakula na huchoma nyumba. Wala wimbo si badala ya dawa: mwenye homa aende kwa mganga. Tena tusimlazimishe mtu kuimba kabla ya saa yake.

Basi, wapenzi, mkienda penye kilio, msiwe wepesi wa kusema «nyamaza». Kaeni karibu. Mfiwa akianza kuimba habari za marehemu wake, hata kwa sauti iliyovunjika, msimkatize wala msimrekebishe. Mwitikieni. Mwanzishaji asiye na waitikiaji huchoka upesi. Bali mzigo wa huzuni, ukiitikiwa na wengi, wabebeka.